Harufu Ni Ushahidi Unaotoroka

Mgonjwa anayelalamikia tumbo katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki huambiwa jambo moja kabla ya mengine: kapime choo. Hupewa kikopo chenye kifuniko, huelekezwa msalani, na kinachofuata huachiwa yeye mwenyewe. Anapokirudisha dirishani, mtaalamu wa maabara huchota kidogo kwa kijiti, hupaka kwenye kioo na kuinamia hadubini kutafuta mayai ya minyoo, amiba au chembe za damu. Kipimo ni cha zamani, lakini hata humo muda una neno lake. Choo cha majimaji kinachotafutiwa amiba hai kinatakiwa kiwe chini ya hadubini ndani ya nusu saa tangu kitoke, kwa sababu amiba akishatulia ni vigumu kumtofautisha na chembe nyingine. Kipimo cha Kato-Katz, kinachotumika sana kuhesabu mayai ya kichocho na ya minyoo, huanza na kibati chenye tundu la kupimia miligramu 41.7 za choo. Idadi ya mayai huzidishwa mara 24 ili kupata hesabu ya gramu moja. Hapo tena, mayai ya safura yasiposomwa ndani ya saa moja hivi, glisarini inayotumika kwenye kipimo hicho huyafanya maangavu mpaka yasionekane kabisa. Mtoto ana minyoo, kioo kinasema hana.

Naanza na mambo hayo ya kawaida kwa sababu watafiti wa magonjwa ya tumbo sasa wanatafuta kwenye kikopo kilekile vitu vidogo kuliko yai la safura, na visivyo na subira kabisa. Wanatafuta metaboliti, yaani molekuli ndogo zinazozaliwa wakati mwili wetu, na bakteria waliomo tumboni, wanapovunjavunja chakula. Mashine zinazozisoma ni za bei kubwa sana, na habari za utafiti huu zinapoandikwa, mashine ndizo husifiwa. Mimi naona sifa hizo zimekwenda mahali pasipo pake. Sehemu kubwa ya jibu huwa imeshaamuliwa kabla mashine haijawashwa: kwenye kikopo, kwenye barafu, kwenye kinu na kwenye mizani. Choo kilichotayarishwa vibaya hutoa namba safi, zenye nukta za desimali, na za uongo. Na kwa kuwa namba hizo ndizo zitakazotumika kesho kusema nani ana ugonjwa na nani hana, utayarishaji unastahili heshima inayopewa mashine, na fedha pia.

Tuone kwanza kwa nini watu wazima wenye shahada wanajisumbua na kitu ambacho kila mtu anakikimbia. Choo cha mtu mwenye afya kwa kawaida ni maji kwa takriban asilimia 75. Katika ile robo inayobaki, sehemu kubwa si mabaki ya ugali wala maharage: ni bakteria, hai na wafu, ambao huweza kufikia robo mpaka nusu ya uzito mkavu. Bakteria hao walikuwa kazini kwenye utumbo mpana. Nyuzinyuzi ambazo utumbo mdogo umeshindwa kuzisaga, za mtama, kunde, mboga za majani na maganda ya nafaka, wao huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Tatu ndizo kuu: aseteti, ambayo ndugu yake tunaijua kwenye siki, propioneti, na butireti, ambayo ikiwa peke yake hunuka kama samli iliyochacha. Hii ya mwisho ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo hupata zaidi ya nusu ya nguvu zao kutoka kwenye kitu zilichopikiwa na bakteria. Kundi jingine ni asidi za nyongo. Ini huzitengeneza ili zisaidie kuyeyusha mafuta; nyingi hunyonywa na kurudi kwenye ini, na chache zinazopenya mpaka utumbo mpana hubadilishwa umbo na bakteria. Kwa hiyo mtu akijua ni asidi zipi za nyongo zimebadilishwa na zipi zimebaki kama zilivyotoka kwenye ini, amepata habari za bakteria hao bila kuwaona.

Thamani ya habari hizo ilionekana wazi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na timu ya Stephen O'Keefe. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wote wenye afya, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, kwa mtindo wa kijijini Afrika. Waafrika Kusini wakapewa nyama na mafuta mengi, kwa mtindo wa Kimarekani. Sababu ya kuchagua makundi hayo ni nzito: saratani ya utumbo mpana huwapata Wamarekani weusi takriban 65 katika kila watu 100,000, wakati kwa Waafrika wa vijijini Afrika Kusini ni chini ya watano. Baada ya wiki mbili, butireti ilipanda kwa Wamarekani na kushuka kwa Waafrika. Asidi za nyongo zilizobadilishwa na bakteria, ambazo zinahusishwa na saratani hiyo, zilipungua kwa asilimia 70 kwa Wamarekani na kuongezeka kwa asilimia 400 kwa Waafrika. Hakuna aliyeugua wala kupona katika siku hizo 14, lakini kemia ya tumbo ilikuwa imegeuka, na kugeuka huko kulisomeka.

Wazo lenyewe lina mizizi karibu nasi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alishangazwa na magonjwa ambayo hakuyaona katika hospitali ya Mulago huko Kampala ilhali yalijaa hospitali za Uingereza. Mwaka 1972 yeye na wenzake, Alec Walker na Neil Painter, walichapisha vipimo ambavyo mtu yeyote angeweza kuvielewa: uzito wa choo cha siku na muda chakula kinaochukua kupita tumboni. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliolinganishwa nao walitoa karibu gramu 100, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Burkitt alitumia mizani na saa. Wanaomfuata leo wanatumia vipimo vya molekuli, lakini mizani na saa hazijastaafu, kama tutakavyoona.

Shida inaanza pale choo kinapotoka mwilini, kwa sababu choo hakijui kwamba kimetoka. Bakteria waliomo wanaendelea kula. Kikopo kikiachwa mezani kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, uchachushaji hauna sababu ya kusimama: sukari iliyobaki inaliwa, asidi mpya zinazaliwa, protini zinavunjwa kuwa asidi za amino, na asidi za amino zenyewe zinageuzwa kuwa vitu vingine. Bakteria wengi wa utumbo mpana hawavumilii oksijeni, hivyo hewa inapoingia wengine wanakufa, wachache wanaoivumilia wanapata nafasi, na kazi inayofanyika humo inabadilika. Kinachopimwa saa sita baadaye ni habari za kikopo kwa kiasi kilekile ambacho ni habari za tumbo. Halafu kuna zile molekuli ambazo hazisubiri hata kuliwa, zinaruka. Harufu inayomfanya mtu ageuze uso ni metaboliti zinazoondoka hewani: asidi nyepesi, indoli zinazotokana na protini, misombo ya salfa. Kila kifuniko kisichokazwa vizuri kinapoteza ushahidi, na pua ndiyo inayotoa taarifa.

Dawa ya kwanza ni baridi. Kwenye baridi ya jokofu la kawaida bakteria hupunguza mwendo bila kusimama. Kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kemia karibu yote hulala, na ndiyo maana maabara kubwa hutegemea friza hizo. Lakini hata kuganda kuna hila. Maji yanapoganda hujenga vipande vya barafu vyenye ncha, na barafu ikiyeyuka, kuta za seli za bakteria huwa zimechanika na vilivyokuwa ndani vinamwagika. Sampuli iliyoganda, ikayeyuka umeme ulipokatika, kisha ikaganda tena, kwa macho ni ileile. Kwa mashine ni nyingine: asidi za amino zimeongezeka bila mgonjwa kubadilika hata kidogo. Kwa sababu hiyo maabara makini huigawa sampuli katika vichupa vidogo siku ileile ya kwanza, ili kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu na kisirudishwe.

Kuna kosa jingine ambalo halihitaji joto wala umeme kukatika. Ni hesabu ya maji. Tuseme mtafiti anapima miligramu 100 za choo cha mtu mzima wa afya, chenye maji asilimia 75. Mkononi ana miligramu 25 za kitu kikavu. Kisha anapima miligramu 100 za choo cha mgonjwa anayeharisha, chenye maji asilimia 90, na hapo ana miligramu 10 tu za kitu kikavu. Hata kama ndani ya ule ukavu butireti iko sawasawa kwa wote wawili, namba ya mgonjwa itatoka chini mara mbili na nusu. Mtu asiyejua atatangaza kwamba ugonjwa umemaliza butireti, kumbe amepima kuharisha, jambo ambalo mgonjwa mwenyewe angemwambia bure. Watafiti waangalifu kwa hiyo hukausha sehemu ya kila sampuli na kuipima tena, ili kila metaboliti ihesabiwe kwa uzito mkavu. Na kabla ya hapo huandika umbo la choo kwa kutumia chati iliyochapishwa na Heaton na Lewis wa Bristol mwaka 1997, yenye aina saba, kuanzia vigololi vigumu vilivyoachana mpaka majimaji matupu. Chati hiyo huonekana ya kitoto, lakini ni saa ya Burkitt kwa sura nyingine: choo kigumu kimekaa tumboni muda mrefu, choo laini kimepita haraka. Timu ya Jeroen Raes kule Ubelgiji ilipochunguza kinachotofautisha bakteria wa mtu mmoja na wa mwingine, umbo la choo lilijitokeza kuwa miongoni mwa sababu zenye nguvu kuliko zote, mbele ya mambo mengi ambayo watu walitarajia yaongoze. Mtafiti asiyeandika aina ya choo ametupa taarifa ya bei rahisi na ya maana kuliko nyingi alizozinunua.

Tukifika sasa mezani maabara, kazi yenyewe inafanana na jikoni kuliko watu wanavyodhani. Choo si kitu cha sare. Nje kimepakwa ute wa utumbo, ndani kina mabaki ya mbegu na maganda, na mwanzo wake ulikaa tumboni muda tofauti na mwisho wake. Kijiko kimoja kilichochotwa pembeni hakiwakilishi kizima, kama vile ukoko hauwakilishi sufuria ya wali. Njia nzuri ni kukipondaponda chote. Mahali penye uwezo hukiponda kikiwa kimeganda kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri: mtaalamu humimina naitrojeni kwenye kinu kidogo cha kauri, mvuke mweupe hufurika juu ya meza, choo hugeuka kigumu kama kokoto, kisha hutwangwa mpaka kiwe unga mkavu usio na harufu. Unga huo, kabla haujayeyuka, huchotwa miligramu 50 au 100 na kupimwa kwenye mizani inayoshtuka hata kwa pumzi. Humiminiwa methanoli baridi iliyochanganywa na maji, na kitendo hicho kimoja hufanya kazi mbili: huua bakteria na vimeng'enya vyao papo hapo, na hukokota molekuli ndogo kutoka kwenye tope. Shanga ndogo ngumu huongezwa, kichupa hutikiswa kwa nguvu ili seli zipasuke, kisha huzungushwa kwa kasi kubwa kwenye mashine ya kutenganisha, bado kwenye baridi, mpaka uchafu ukandamane chini na maji maangavu yabaki juu. Maji hayo ndiyo huenda kwenye mashine.

Hata hapo hakuna njia moja inayofaa kwa vyote. Mtu akitaka asidi za nyongo anaweza kukausha sampuli kwa kuigandisha na kuvuta hewa yote, na asipate hasara kubwa. Akifanya hivyohivyo kwa asidi zenye mnyororo mfupi, pampu inaweza kuvuta sehemu ya zile anazozitafuta. Mwenye kutaka hizo za pili hubadilisha utaratibu: hupima zikiwa mbichi, au huzifunga kwanza kwa kemikali nyingine ili zisiruke. Na pande zote mbili, kabla ya kitu kingine chochote, hutia kiasi kinachojulikana cha molekuli iliyo pacha wa ile inayotafutwa, ambayo baadhi ya atomi zake zimefanywa nzito kidogo kuliko kawaida. Pacha huyo husafiri safari yote pamoja na mwenzake, humwagika pale anapomwagika, huruka pale anaporuka. Mwisho mashine huwatofautisha kwa uzito, na kwa kuona ni sehemu gani ya pacha imepotea njiani, mtafiti hukadiria hasara ya mwenzake. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya mawazo mazuri zaidi katika kemia nzima. Lakini pacha hujiunga na safari maabara. Yaliyotokea kabla ya hapo, nyumbani na njiani, hakuyashuhudia.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa wanaosema kwamba hofu hii imepitwa na wakati, kwamba mashine za leo na hesabu za kompyuta zinaweza kusahihisha makosa ya utayarishaji. Ni kweli kwamba makosa yanayowapata wote kwa bahati nasibu hupungua nguvu sampuli zikiwa nyingi. Lakini makosa ya utafiti wa magonjwa mara nyingi hufuata mpaka uleule kati ya wagonjwa na wazima. Wagonjwa hutoa sampuli hospitalini, karibu na friza. Wazima wanaolinganishwa nao huzitoa nyumbani na kuzileta kwa basi. Au kinyume chake: wagonjwa hutoka mbali, wazima ni wanafunzi na watumishi wa palepale. Tofauti ya saa nne za joto itajipanga sawasawa na tofauti ya ugonjwa, na hakuna hesabu inayoweza kuzitenganisha. Mfano mmoja unaonekana kwa macho kwenye grafu. Wagonjwa wa ugonjwa wa Crohn na wa vidonda vya utumbo mpana hupitishiwa kamera tumboni, na kabla ya hapo hunywa dawa ya kusafisha tumbo, mara nyingi yenye polithilini glaikoli. Sampuli ikichukuliwa baada ya dawa hiyo, mashine huchora vilele vilivyopangana kama ngazi, kila kidato kikizidi cha chini yake kwa uzito wa 44, na ngazi hiyo hufunika molekuli halisi zilizo karibu nayo. Vivyo hivyo wengi wao hutumia mesalazini, dawa inayofanya kazi ndani ya utumbo wenyewe, nayo na mabaki yake huonekana kwenye choo. Kompyuta isiyoambiwa itawatenga wagonjwa na wazima kwa ustadi mkubwa, kwa kutambua nani amemeza vidonge.

Na bado kazi inawezekana, kwani imefanyika. Mradi mkubwa wa Marekani ulioripotiwa mwaka 2019 uliwafuatilia watu 132, wenye magonjwa hayo mawili na wasio nayo, kwa mwaka mzima. Washiriki walikusanya choo nyumbani na kukituma kwa njia ya posta. Uamuzi wa busara ulikuwa kwamba kila mtu, mgonjwa na asiye mgonjwa, alitumia vifaa vilevile na maelekezo yaleyale, na sehemu ya sampuli iliwekwa kwenye ethanoli tangu mwanzo ili shughuli za bakteria zizimwe kabla ya safari. Matokeo yalisomeka: ugonjwa ulipochachamaa, butireti ilipungua, asidi za nyongo zilizotoka kwenye ini bila kubadilishwa ziliongezeka, na zile zilizobadilishwa na bakteria zikapungua. Utumbo ulikuwa umepoteza baadhi ya wapishi wake. Ugunduzi huo una uzito kwa sababu njia ya kukusanya ilikuwa moja kwa wote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silikwepi. Wapo wanaosema choo ni masalio: kama utumbo mpana hunyonya asilimia 90 au zaidi ya asidi hizo, basi kilichomo kikoponi ni kile kilichoachwa, na butireti nyingi kwenye choo inaweza kumaanisha kwamba imezalishwa nyingi au kwamba imenyonywa kidogo. Hoja hiyo ni sahihi, na yeyote anayesoma namba moja ya butireti na kutoa hukumu ya afya anakosea. Lakini inapofikishwa mpaka kusema tuache choo tupime damu, naiona imepita kiasi. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, na ini huchuja sehemu kubwa ya butireti kabla haijafika kwenye mshipa wa mkono. Njia ya kuchukua kipande cha nyama ya utumbo kwa kamera inahitaji daktari bingwa na tumbo lililosafishwa, na haiwezi kurudiwa kila wiki kwa mtu mzima wa afya, seuze mtoto wa miaka miwili. Choo hutoka chenyewe, karibu kila siku, bila sindano. Udhaifu wake unadai tukisome pamoja na mambo mengine: aina kwenye chati, saa, chakula cha siku zilizotangulia, dawa. Kadiri ushahidi ulivyo wa mbali na chanzo chake, ndivyo usivyostahimili kuharibiwa zaidi njiani.

Pingamizi la tatu ni la kwetu hasa. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri haipatikani kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Je, kudai masharti haya si kuwafungia nje watu ambao matumbo yao yangetufundisha mengi? Mfano upo. Wahadzabe wa huko, ambao baadhi yao bado huishi kwa matunda pori, mizizi, asali na nyama ya kuwinda, wamechunguzwa na timu za nje kwa miaka kadhaa. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyolinganisha Wahadzabe 27 na Waitaliano 16. Porini hapakuwa na friza, kwa hiyo choo kilizamishwa kwenye ethanoli kwa siku moja hivi, ethanoli ikamwagwa, na kilichobaki kikakaushwa kwa chembe za silika kabla ya safari ya Italia. Uwiano wa propioneti ulionekana kuwa mkubwa kwa Wahadzabe, na wa butireti kwa Waitaliano. Mwaka 2017 kazi nyingine, yenye sampuli 350 za Wahadzabe 188, ilionyesha kwamba bakteria wao hupanda na kushuka kwa misimu, kiangazi na masika. Kazi hizi zilifanyika bila umeme wa gridi, na ni hazina.

Lakini ethanoli ni mkataba wenye masharti. Huzima bakteria vizuri na hulinda DNA, ila molekuli nyingi ndogo huyeyuka ndani yake, hivyo kuimwaga ni kumwaga sehemu ya kilichotafutwa. Anayetaka metaboliti afadhali aitunze ile spiriti yenyewe. Vimiminika vingine vinavyouzwa kwa ajili ya kulinda DNA na RNA vina chumvi nyingi, na chumvi huziba na kuchafua mashine ya kusoma molekuli. Kwa hiyo jibu langu kwa pingamizi la friza ni hili: si lazima kila mahali pawe na njia bora kuliko zote, lazima kila kundi linalolinganishwa lipite njia ileile. Kama Eyasi ni ethanoli, basi na Italia iwe ethanoli, hata kama friza ipo chumba cha pili. Na kila mradi uchukue sampuli chache, uzigawe mbili, nusu igandishwe mara moja na nusu ipitishwe njia ya porini, ili ijulikane ni molekuli zipi zinavumilia safari na zipi haziaminiki. Hiyo haihitaji mamilioni. Tena nchi zetu haziko mikono mitupu katika jambo hili: kasha la baridi la chanjo, lenye kuhifadhi nyuzi 2 mpaka 8, linafika kwenye zahanati za mbali kwa baiskeli, pikipiki na mtumbwi. Halitagandisha choo, lakini saa chache ndani yake ni bora mara nyingi kuliko saa zilezile kwenye mfuko wa plastiki juani, mradi lisiwe kasha lilelile la chanjo.

Imebaki hatua ya kwanza, ambayo miongozo mingi huipitia kwa mstari mmoja, nami naona ndiyo yenye kubeba zote. Mtu wa kwanza kutayarisha sampuli ni mgonjwa mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa. Vifaa vingi vya kukusanyia vimebuniwa kwa choo cha kukalia: kitambaa cha karatasi hutandazwa juu ya bakuli na kazi imekwisha. Kwenye choo cha kuchuchumaa hakina pa kukaa, na kwenye choo cha shimo kinachodondoka hakirudi. Maji ya kutawadha yanaweza kuingia kikoponi na kuvuruga ile hesabu ya maji niliyoieleza. Mkojo nao una metaboliti zake nyingi, na matone machache yanatosha kuingiza habari za figo kwenye utafiti wa utumbo. Mama anayemkusanyia mtoto kwenye nepi hajui kwamba nepi ya dukani inanyonya maji na kuacha choo kikavu kuliko kilivyotoka. Wala si haki kumtarajia ajue kama hakuna aliyemwambia. Juu ya hayo kuna aibu, na kuna wasiwasi halali wa mtu kutaka kujua kitu kilichotoka mwilini mwake kinapelekwa wapi, kitakaa huko miaka mingapi na nani mwingine atakigusa. Mtu asiyejibiwa maswali hayo ataleta kikopo kwa kuchelewa, au ataleta cha mwingine.

Kwa hiyo karatasi ya maelekezo ni kifaa cha maabara sawa na mizani, na inapaswa kujaribiwa kama mizani inavyojaribiwa, kwa kumpa mtu asiyejua na kutazama anachofanya. Iandikwe kwa lugha anayoiongea, iseme choo na mkojo kwa majina yake, ichorwe picha ya choo cha kuchuchumaa na plastiki safi iliyotandazwa mahali pakavu. Imwambie akojoe kwanza. Imwambie atawadhe baada ya kuchota, si kabla. Imwonyeshe zile picha saba na kumwomba atie alama kwenye iliyo yake. Halafu, juu kabisa, pale ambapo fomu nyingi huweka namba ya faili, iwe na nafasi kubwa ya kuandika saa kilipotoka, na ieleze kama ni saa za Kiswahili au za Kizungu, kwa sababu sampuli iliyoandikwa saa mbili asubuhi na kusomwa na mgeni kuwa saa nane usiku imezeeshwa saa sita ambazo haikuwahi kuziishi.